Vibao vya Mjomba Gundi

18 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye lile benchi lako la karakanani, penseli iko sikioni, nawe unamtafuta mtu aliyekuibia penseli. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na kitanda kinacholia kila nikigeuka, hadi mpangaji wa chumba cha pili ameniuliza kama nafuga bata. Ungekuwepo ungekwisha kukinyamazisha. Nisalimie mkaza mjomba. Mama nimemwandikia barua yake mbali, asije akasema nampenda kaka yake kuliko yeye.

Ukisikia mwalimu wa darasa la nne, ndiye mimi. Nina wanafunzi hamsini na wanane, madawati kumi na tisa na ubao mmoja wenye ufa katikati. Mbele yangu wananiita Mwalimu. Nyuma yangu sijui, lakini wewe uliyeniita Chiriku tangu nijue kusema unaweza kukisia.

Sasa nivuke salamu nifike kwenye shida. Muhula huu tunafundisha kiima na kiarifu. Usikunje uso, ni jambo jepesi. Sentensi ina pande mbili: upande wa anayesemwa, ndio kiima, na upande wa yale yanayosemwa juu yake, ndio kiarifu. "Paka amelala." Paka ni kiima, amelala ni kiarifu. Hapo darasa zima linaelewa na kudai makofi. Balaa linaanza watendaji wakiwa wawili na kazi zikiwa mbili. Niliandika ubaoni: "Bibi na mjukuu wanafagia ua na kumwagilia maua." Nikawaambia wapigie mstari kiima chote, halafu kiarifu chote. Watoto hamsini na wanne walipigia mstari "bibi" peke yake, na "wanafagia" peke yake. Mjukuu wamemwacha kwenye mataa, na maua hayana wa kuyamwagilia. Nilipouliza kwa nini, alisimama msichana mmoja mwenye hoja nyingi ambaye wenzake wanamwita Wakili. Akasema, "Mwalimu, bibi ndiye mkubwa. Akitajwa mkubwa inatosha."

Kwa bahati mbaya, siku hiyo Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake. Pale aliandika tu. Ofisini akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwanzoni mwa Juni atawapa darasa la nne jaribio la sarufi. Nusu yao wasipofaulu, darasa litapewa mwalimu mwingine, nami nitatunza stoo ya vitabu "mpaka nikomae". Mjomba, mimi si mtu wa stoo. Ukinifungia na vitu visivyojibu nitakufa kwa kunyamaza. Na hawa watoto nimeshawapenda, pamoja na ubishi wao.

Kwa hiyo nina ombi. Nitengenezee vibao vidogo vya mbao, kila kimoja kiwe na ulimi upande mmoja na tundu upande wa pili. Nitaandika neno juu ya kila kibao kwa chaki, na watoto wataviunga na kuviachanisha kwa mikono yao. Wakimshika mjukuu mkononi nadhani hawatamsahau. Utaweza?

Wako akupendaye,
Chiriku


12 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba kwa siku utakayosahau kunisalimia. Sote tu wazima. Mama yako hajambo, goti lake ndilo lenye maneno. Paka wa karakanani amezaa kwenye sanduku la maranda na sasa hatuwezi kufagia upande ule mpaka mwenyewe atoe ruhusa.

Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kuna milango, vitanda, meza, watu wamepanga foleni mpaka nje. Mwandiko unaouona si wangu, ni wa mkaza mjomba wako, maana miwani yangu imepotea. Mimi nasema na yeye anaandika. Ukikutana na neno lenye adabu kupita kiasi ujue ni la kwake.

Habari ya bibi na mjukuu imenichekesha. Lakini usiwalaumu watoto. Mteja akija hapa husema, "Fundi, nataka meza." Simwachi aende. Namuuliza, na nini tena? Anasema, na viti. Na nini tena? Anajikuna kichwa, anasema, na kabati la vyombo. Naendelea kumuuliza mpaka mwenyewe aseme basi. Watu wazima wenye akili zao hutaja kimoja wakati wana vitatu moyoni, sembuse mtoto wa miaka tisa. Labda na wewe uwaulize hivyo.

Vibao nitatengeneza. Nitumie vipimo. Na uniambie kama unakula vizuri, na kama walimu wenzako wanakuzungumzisha, maana barua yako imejaa watoto watupu.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nyingine ya kufidia ile ya akiba. Huku mvua zimeanza. Paa la darasa linavuja mahali pamoja tu, juu ya meza yangu, na watoto wanasema hata paa linamjua mgeni.

Ushauri wako nimeuiba na sijutii. Sasa sisemi tena "tafuteni kiima". Nauliza: hapa kuna kazi gani? Nani anaifanya? Nani tena? Nani tena? Mpaka darasa zima lipige kelele, "Basi!" Kisha nageuka upande wa pili: wanafanya nini? Nini tena? Mpaka "Basi!" ya pili. Juzi niliandika, "Kuku na bata wanakunywa maji na kuoga." Wakajibu vizuri mpaka mwisho. Nilikuwa nimeanza kutabasamu Wakili aliponyoosha kidole.

"Mwalimu, kuku haogi."

Nikamwambia sentensi inasema wote wawili wanafanya yote mawili.

"Basi sentensi inaongopa," akasema, akakaa.

Mtoto wa nyuma akadakia kwamba kuku huoga, ila huoga vumbi. Darasa likagawanyika pande mbili, na kengele ikalia tukiwa bado kwenye kuku. Lakini nilitoka na furaha, mjomba. Wasingebishana vile kama wasingeona kwamba kuku na bata wamebebeshwa kazi zote mbili. Tatizo limebaki kwenye daftari. Kwa mdomo ni mabingwa, wakishika penseli wanamrudia bibi peke yake. Ndiyo maana navingojea vibao kwa hamu.

Vipimo ni hivi: urefu kama kiganja changu na vidole vyake, upana wa vidole vinne, unene wa vidole viwili. Naomba thelathini. Vipake ile rangi nyeusi ya ubao ili chaki ishike na ifutike.

Nakula vizuri. Walimu wenzangu ni watu wema. Na hiyo miwani imepotelea wapi? Barua ya mwisho wa mwaka nayo ilikuwa na mwandiko wa mkaza mjomba. Ni miwani gani hiyo inayopotea miezi mitatu kwenye nyumba ya vyumba viwili?

Chiriku


22 Machi

Mpwa wangu,

Tu wazima, mama yako anakusalimu, watoto wa paka wamefumbua macho. Mzigo wako nimempa dereva wa basi mkononi. Utaupokea kituoni ukiwa umezungushiwa blanketi la zamani. Blanketi libaki kwako, huko ni mvua.

Vibao ni thelathini kama ulivyotaka. Nimeviunga kwenye treni tatu za vibao kumi kumi, na nimevikaza vizuri, havichezi hata kidogo. Hata ukivitikisa sikioni hutasikia kitu. Watoto wataandika na kufuta juu yake, ya nini kubomoabomoa? Kazi ikitoka mkononi mwangu haitoki inalegea. Mwalimu Mkuu wako aione.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nawe uwe mzima zaidi. Nimepata blanketi na nalilalia.

Vibao vimefika salama. Asante sana, asante tena. Msasa umepita mpaka mbao zinateleza kama sabuni, na rangi imekolea sawasawa kila upande. Kila mwalimu aliyeingia ofisini ameuliza ni kazi ya nani, nami nimejibu kwa kifua mbele kwamba ni ya mjomba wangu. Nimeviweka juu ya kabati la darasa, mahali pa heshima.

Mengine ni yale yale. Jaribio bado liko mwanzoni mwa Juni. Nisalimie wote, na paka.

Chiriku wako


19 Aprili

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Huku hakuna la ajabu. Mama yako ameacha mkongojo, anasema ulikuwa unamzeesha.

Nimeisoma barua yako, maana yake nimesomewa, mara nne. Umesifia msasa, umesifia rangi, umesifia mpaka macho ya walimu wenzako. Hujaniambia mtoto hata mmoja alivifanyia nini. Umevisifu kama watu wanavyomsifu marehemu. Na tangu lini kitu cha watoto kikawekwa juu ya kabati? Nimekujua tangu ukiwa huna meno. Ukiwa na jambo la kusema hukamatiki, na ukiwa na jambo la kuficha unakuwa na adabu. Barua yako ina adabu nyingi mno. Kuna nini?

Mjomba wako

*Chiriku, sasa ni mimi mkaza mjomba ninayeandika, kwa niaba yangu mwenyewe. Yeye ametoka kuzungumza na mtu mlangoni, kwa hiyo nitafupisha. Mtu huyo ameleta kazi ya mlango, na mjomba wako anamwambia amebanwa na kazi mpaka mwakani. Hana kazi hata moja. Miwani haikupotea, iko puani kwake sasa hivi. Mkono wake wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi. Daktari amesema hautamuua wala hautarudi kama zamani. Kalamu haishiki sawasawa, msumeno unayumba. Vibao vyako alivikata wiki tatu. Kila alipounga ulimi na tundu vilicheza, naye akiona kiungo kinacheza hapati usingizi. Mwishowe akatia gundi kila mahali, unajua mwenyewe jina la Gundi halikumjia bure. Amenikataza kukuambia. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuwa miwani ya mtu anayeona. Anarudi. Usimwambie nimeandika, au mwambie, fanya uonavyo.*


27 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, si kwa kukosa adabu, ila adabu yenyewe umeshaishtukia.

Vibao haviachani. Siku ya kwanza niliwapa treni moja wanafunzi wa dawati la mbele. Wakavuta, wakaomba msaada wa dawati la pili, wakavuta watu wanane, wanne kila upande, na Wakili akitoa amri. Mbao ikawaponyoka, ikaruka, ikagonga ndoo ya maji, ikaanguka. Ndoo ilipasuka, vibao havikupata hata mkwaruzo. Nikazilowesha zote tatu kwenye beseni la maji ya moto kutwa nzima. Gundi yako, mjomba, haijui maji ya moto. Nikazipandisha juu ya kabati, nikakuandikia barua ya rangi na msasa. Nimekuongopea, na nimelala vibaya tangu siku hiyo. Nilishindwa kukuambia kwamba kazi yako haikunifaa, wewe ambaye hata kusoma nilisomea kwenye meza uliyonitengenezea.

Sasa na mimi nakuuliza kama unavyowauliza wateja. Uliniambia kuna kazi nyingi. Na nini tena? Uliniambia miwani imepotea. Na nini tena? Habari ya mkono wako ninayo. Usimgombeze aliyeniambia, ameishi na siri yako miaka miwili, na siri ya mtu mwingine ni nzito kuliko yako mwenyewe. Nimelia, mjomba. Nimelia kwa sababu umeumwa nami nikawa nakuandikia mizaha ya bata.

Lakini nilipomaliza kulia nilisoma tena ile sehemu ya vibao, na hapo nikasimama. Mkaza mjomba anasema ulimi ulikuwa unacheza ndani ya tundu. Mjomba, ndivyo nilivyotaka! Mtoto wa miaka tisa ana vidole vidogo na subira fupi. Kiungo kikibana anaisahau sentensi, anapigana na mbao. Nataka "bibi" aungane na "mjukuu" kwa kusukuma mara moja, na mtoto akikosea aviachanishe bila kumwita mtu. Nataka vilie, vicheze, viachane vikidondoka. Ungenitumia vile vile vilivyotoka kwenye msumeno, kabla hujafungua kopo la gundi, ningekuwa mtu mwenye bahati kuliko walimu wote.

Nimebakiza wiki tano. Nimejaribu kuwatumia watoto wenyewe, wanasimama mbele wameshikana mikono, mmoja awe kuku, mwingine bata, wa katikati awe "na". Wanaelewa na wanafurahi, lakini kwa kelele zao Mwalimu Mkuu amekuja mara mbili kuuliza kama tumefungua soko. Nisipopata kitu cha kutia mikononi mwao nitapewa funguo za stoo. Kwa hiyo sikuombi kwa kukupoza moyo. Nakuomba kwa sababu nina shida, na wewe ndiye fundi ninayemtaka.

Chiriku


10 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nasema natumai kwa sababu hujaniandikia neno tangu Aprili. Tarehe kumi na sita Mei nilipokea gunia la unga kituoni, limefungwa kwa kamba, lina jina langu tu. Ndani hapakuwa na barua. Nilipindua gunia, nikalikung'uta, nikapata maranda na vibao arobaini. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi, nitavumilia. Huu ukimya siuwezi.

Mama ameniandikia kwamba unakula na unatembea, basi nitakupa habari zangu kana kwamba tunaongea.

Niliporudi shuleni nilimwaga vibao sakafuni, na kelele yake tu ikawavuta watoto wote. Madawati sita yakapata vibao sita sita, nikavizungusha kwa zamu. Mtoto anaandika "kaka", anaandika "na", anaandika "dada", anasukuma, vinaungana. Nauliza, nani tena? Akisema basi, anaweka kipande cha chaki katikati iwe mpaka, anaanza upande wa pili: "wanaosha", "na", "kuanika". Akimsahau dada, dada yuko pale pale mezani anamwangalia. Siku ya tatu nilimwona mtoto mmoja mkimya, ambaye tangu Januari hajawahi kupigia mstari zaidi ya neno moja. Amekiunga kiima chake, ameshika kile kipande kirefu kwa mikono miwili, anakihamisha kwenda kwenye daftari lake kama mtu aliyebeba trei ya chai, kisha anapiga mstari chini ya maneno yote matatu. Nilitoka nje nikapumua.

Jaribio lilifanyika tarehe tatu. Mwalimu Mkuu alilitunga mwenyewe na kulisahihisha mwenyewe. Katika hamsini na wanane, wamefaulu arobaini na sita. Wakili amepata yote, na chini ya sentensi ya mwisho ameongeza kwamba daktari na muuguzi hawawezi kupima na kulala kwa wakati mmoja. Mwalimu Mkuu aliniita, akanionyesha karatasi, akacheka kwanza kisha akakohoa ili ionekane hakucheka. Darasa ni langu, mjomba. Funguo za stoo zimebaki msumarini.

Halafu akaniuliza kama aliyetengeneza vibao anaweza kutengeneza vya darasa la tatu na la tano. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Ndiyo nakuuliza. Na kuna jambo ambalo Februari uliniuliza na mimi nikakuzunguka. Mwanzo walimu wenzangu hawakuwa wakinizungumzisha. Nilikula peke yangu miezi minne, darasani, nikisahihisha, ili nisionekane sina pa kukaa. Sikutaka ujue. Tangu vibao vije wanapita kuvichezea saa ya chai, na mazungumzo yamekuja yenyewe. Kwa hiyo hapa kwetu si wewe peke yako uliyekuwa unaficha.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Chiriku wako


30 Juni

Mpwa wangu Chiriku, mwalimu wa darasa la nne,

Marahaba. Usishangae herufi hizi kupanda milima na kushuka mabonde, leo naandika mwenyewe. Ni siku ya tatu nipo kwenye ukurasa huu. Mkaza mjomba wako amekaa pembeni na ushonaji wake, na nimemkataza kunisaidia hata nikikosea tahajia.

Ndiyo, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye siku mbili, akaendelea kunipakulia chakula kana kwamba sijakasirika, nikachoka. Nikakukasirikia wewe siku moja, kwa kuniambia kwamba kulegea ndiko ulikokutaka. Nilidhani unanibembeleza kama mtoto. Halafu nikafikiri, Chiriku akitaka kubembeleza mtu husifia msasa. Hii barua haina msasa. Nikaenda kutafuta mbao.

Nilikata vibao arobaini kwa siku kumi na moja. Mkaza mjomba wako alishika mbao, mimi nikashika msumeno, na kila kiungo kilipocheza nilijizuia kuangalia kabati la gundi. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kuacha kitu kilegee. Barua sikuweka kwa sababu sikuwa na uhakika, na maneno ya mtu asiye na uhakika ni bora yabaki kwake. Basi niliposikia arobaini na sita, nilimwambia mama yako, nikamwambia muuza duka, nikamwambia mtu nisiyemjua aliyekuwa anapita na baiskeli.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita. Yule mtu wa mlango amerudi. Ni jirani wa mtaa wa nyuma, nilishamrudisha mara tatu kwa kisingizio cha kazi nyingi. Alisimama nje, hakutaka hata kuingia. Akasema, "Fundi, nimekuja mara ya mwisho. Mwakani umefika?" Mdomo wangu ulikuwa tayari na uongo ule ule. Nikamwangalia, nikasema, "Mkono wangu unatetemeka. Mlango siwezi tena."

Chiriku, nilidhani ardhi itapasuka. Miaka miwili nimeliogopa neno hilo kuliko kifo. Nilijua nikilisema watu wataniondolea jina la fundi pale pale, wataanza kunisalimia kwa kunihurumia. Yule bwana aliweka mkono kichwani, akasema, "Kumbe! Mtaa mzima tunasema unaringa."

Nikakaa chini kwenye maranda. Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka, na mkaza mjomba wako akatoka mbio kuja kuona nani ameumia. Wakati mimi najificha ili nisihurumiwe, wenzangu walikuwa wananiona mwenye kiburi.

Jirani akavua koti. Akasema yeye msumeno anaweza kuushika, ila hajui aupeleke wapi. Tukafanya kazi siku mbili. Nilimwelekeza, yeye akakata. Mara mbili alikosea, nikamwambia abomoe, akabomoa. Jana tumeupachika. Mlango umekaa sawa, unafunga bila kusukumwa, na mkono uliouning'iniza si wangu. Nilijiandaa kuumia. Nilisimama pale nikingoja yale maumivu yaje, nikangoja sana, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna.

Mwambie Mwalimu Mkuu wako vibao vya darasa la tatu na la tano vitakuja. Na mwambie mapema kwamba vitalegea.

Mjomba wako